Boti Moja, Majina Mawili

Mama Turubai alikuwa mshonaji, ila gauni hakuwahi kushona, hata la kwake mwenyewe. Alishona vitu vizito: maturubai ya malori, mahema ya wakandarasi wa barabara, viti vya mabasi, mifuko ya kubebea vyuma. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya gereji na stoo ya mbao, na cherehani yake ilikuwa na sindano nene kama msumari, ikishindilia kitambaa mpaka meza inatetemeka. Mafundi wa gereji ndio waliompa jina hilo, na yeye hakulikataa. Turubai halipitishi maji, na yeye alikuwa hapitishi upuuzi. Mteja aliyeleta maneno ya kejeli juu ya kazi yake alipewa vidonge vyake palepale, akatoka mlangoni huku gereji nzima inacheka.

Kitu kimoja tu duniani kilimtia hofu: maji mengi. Hata ndoo ikijaa mpaka ukingoni, aliipunguza kwanza ndipo aibebe. Ndiyo maana watu walishangaa waliposikia kuwa ana boti.

Boti yenyewe aliipata kwenye hoteli moja ya kando ya mto iliyofilisika. Alikuwa anaidai hoteli hiyo malipo ya mahema, na mwenye hoteli hakuwa na kitu kingine cha kumpa, akamwambia achukue boti. Ilikuwa boti ya plastiki ngumu, ndefu, yenye viti vya pembeni vilivyochanika na isiyo na injini. Mumewe, ambaye mtaani aliitwa Kapteni kwa sababu ya kofia yake na wala si kwa sababu ya cheo chochote, aliruka kwa furaha. Yeye alikuwa fundi wa injini ndogo, za jenereta na pampu. Alisema watavusha watu kwenda ng'ambo, kwenye soko na hospitali, na maisha yatanyooka.

Siku ya kwenda kuisajili, Kapteni alikataa kwenda. Alisema yeye na foleni haviivi chungu kimoja.

"Nenda wewe, mke wangu," alisema, amejilaza kwenye kochi. "Andika jina lako. Kwani kuna chako na changu humu ndani?"

Akaenda, akapanga foleni tangu asubuhi, akaandikisha jina lake. Miezi kadhaa baadaye Kapteni alinunua injini kwa mtu, akaipachika nyuma ya boti, akaambiwa lazima namba ya injini iingizwe kwenye kadi pamoja na risiti ya mnunuzi. Risiti ilikuwa na jina lake yeye. Kwa hiyo kadi ikatoka ina mistari miwili: mwenye chombo, mke; mwenye injini, mume. Karani aliyeiandika aliwatania kuwa sasa hawawezi kuachana. Wote wawili walicheka.

Mama Turubai alishona viti upya, vya rangi ya kijani, na akashona paa la kukinga jua. Boti ilipoingia majini mara ya kwanza, yeye alibaki ukingoni. Kapteni aliizungusha mara mbili tatu, akimpungia kofia, akimwita kwa sauti aje. Hakwenda. Alimpungia mkono tu, na moyoni alisikia raha kubwa.

Boti ilifanya kazi vizuri kwa miaka. Binti yao mmoja alikua, akasoma, akaolewa mji mwingine. Halafu Kapteni akaanza kulala ng'ambo. Kwanza ilikuwa boti imeharibika, halafu giza limemkuta, halafu hakuwa hata na habari ya kutunga uongo. Ng'ambo alikuwa na mwanamke mwenye saluni. Siku aliyokuja kuchukua nguo zake, alichukua pia redio, feni na seti nzima ya spana, akamwachia mkewe talaka na kochi lililobonyea upande aliozoea kulala yeye.

Boti aliondoka nayo kama kawaida, asubuhi yake, kwenda kazini. Hakuna aliyemzuia. Mama Turubai aliliacha jambo hilo likae kwanza, kwa sababu kadi ilikuwa kwenye sanduku lake, na aliijua siku ambayo kibali cha mwaka cha kuvusha abiria kingeisha; bila kadi hakitolewi kingine.

Siku hiyo ilipokaribia, alikuja dukani dada yake Kapteni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa kujifanya, aliyezoea kuomba msamaha kabla ya kuudhi.

"Wifi yangu," alisema, akiketi bila kukaribishwa kwenye marobota ya turubai. "Nimetumwa."

"Aliyekutuma hana miguu?"

"Anaona aibu, wifi."

"Aibu ameinunua lini? Alipoondoka hapa hakuwa nayo."

Yule dada akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya gazeti. Ilikuwa fomu ya kuhamisha umiliki. Jina la mnunuzi lilikuwa limeshaandikwa: mwenye kiwanda cha matofali ng'ambo, mtu mwenye hela zake, ambaye kila mtu alimwita Bwana Matofali. Palipobaki wazi ni mahali pa sahihi ya muuzaji.

"Tia tu sahihi hapa, wifi. Kaka atakukumbuka na wewe chochote kikipatikana."

Mama Turubai hakusimama. Mguu wake ulibaki kwenye pedali ya cherehani. "Atanikumbuka," alisema. "Boti ni yangu, anaiuza yeye, halafu atanikumbuka. Mwambie kaka yako boti siiuzi. Na wewe usiniite wifi. Uwifi uliisha siku ile mlipomsaidia kubeba feni yangu."

"Lakini injini ni yake."

"Aje aikate aende nayo. Aiweke sebuleni kwa yule bibi wa saluni, wawe wanaifuta vumbi."

Dada mtu aliondoka amevimba, na fomu yake. Mama Turubai akadhani yameisha.

Hayakuisha. Baada ya muda mfupi alipigiwa simu kutoka ofisi ya usajili wa vyombo. Namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu zao ilikuwa yake tangu ile siku ya foleni. Karani alimuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye haraka, kama ni kweli ameuza boti yake, maana muuzaji mwenyewe hakufika, bali fomu imeletwa na wanaume wawili.

"Wazuie hapo hapo," alisema Mama Turubai. "Usiwaache watoke."

"Mama, mimi ni karani, si polisi," alijibu karani, akakata.

Alifunga duka na kukimbilia huko ofisini, bado ana vipande vya uzi kwenye nywele. Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri, chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa vyuma ili visiibwe. Upande mmoja walisajili magari na pikipiki, upande mwingine, kwenye dirisha la mwisho, vyombo vya majini. Kapteni alikuwa amesimama pale amevaa kofia yake. Bwana Matofali alikuwa pembeni yake, mtu mfupi mwenye vumbi jekundu kwenye viatu.

"Nionyeshe sahihi yangu," Mama Turubai alimwambia karani, hata salamu hakutoa.

Karani, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aligeuza fomu akaisukuma chini ya kioo. Sahihi ilikuwepo. Ilikuwa nzuri kuliko yake, ina mikia na mapindo kama ya meneja wa benki. Yeye, tangu aachane na shule, alikuwa anaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja.

"Nani kaandika hili dude?"

Kapteni akaangalia dirishani. "Si wewe ulimpa dada yangu ruhusa?"

"Nilimpa ruhusa ya kutoka dukani kwangu!"

Watu kwenye viti wakageuka. Bwana Matofali akaanza kujitoa taratibu kwenye lile jambo, akisema yeye aliambiwa mke amekubali, kwamba ni mambo ya kifamilia, kwamba yeye ni mtu wa matofali tu.

"Na wewe," Mama Turubai alimgeukia, "unanunua kitu cha mtu ambaye hujamwona hata sura? Ukiuza matofali unauza hivyo?"

"Shemeji, hasira za nini?"

"Shemeji yako ni nani? Umemwoa dada yangu?"

"Dirisha hili si kibaraza!" karani alisema kwa nguvu. "Mkitaka kugombana, ngazi ile pale. Mkitaka kusaidiwa, nyamazeni."

Kisha karani akaeleza, na alieleza kwa ukali, kama vile wote wawili ni watoto waliomwaga wino. Fomu ya sahihi ya kughushi angeweza kuipeleka polisi sasa hivi. Kapteni akiitwa polisi, boti ingewekwa chini ya ulinzi mpaka kesi iishe, na kesi za namna hiyo zinaota mvi. Bila polisi, bado hakuna anayeweza kuuza peke yake: mama hawezi kuuza boti yenye injini ya mtu, baba hawezi kuuza injini iliyosajiliwa kwenye boti ya mtu. Kilichobaki ni kutenganisha. Boti ipelekwe kwenye gati la ukaguzi, mkaguzi ashuhudie injini ikitolewa, wote wawili watie sahihi mbele yake, halafu kila mtu ataandikiwa chake.

"Mpeleke polisi," alisema Mama Turubai.

"Nipeleke," alisema Kapteni. "Tuone boti yako itakuwa na sura gani baada ya mvua mbili."

Mama Turubai alisaga meno. Alijua hilo ni kweli. Alikubali kutenganisha, na karani akachana ile fomu ya uongo katikati, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akaita mtu aliyefuata.

Gati la ukaguzi lilikuwa upande wa pili wa mto, juu kidogo, mahali ambapo mabasi yalifika kwa kuzunguka daraja la mbali. Kapteni akasema ataipeleka boti yeye, mama aje kwa basi. Mama Turubai akatikisa kichwa.

"Nikuachie uende nayo peke yako? Utafika gati lini, siku ya kiama?"

"Basi panda twende wote," alisema Kapteni, akicheka. Alimjua. Alijua hata ndoo.

"Nitapanda," alisema Mama Turubai, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alifika ukingoni akiwa amevaa jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa aliloazima kwa mlinzi wa ghala la samaki. Lilimbana kifuani mpaka pumzi inatoka nusu nusu. Kadi na vitambulisho alikuwa amevifunga ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe, ukamning'inia shingoni. Alipoiona boti alisimama. Viti vyake vya kijani vilikuwa vimefunikwa kwa plastiki nyekundu ya bei rahisi, na ubavuni, kwa rangi nyeupe, mtu alikuwa ameandika neno MALKIA.

"Malkia ndiye nani?" aliuliza.

"Jina la biashara tu."

"Ndiyo, biashara ya saluni."

Mama Turubai akapiga moyo konde, akashika ukingo wa boti kwa mikono miwili, akaingia kwa magoti. Boti ikayumba. Hakukaa kitini, alikaa sakafuni katikati, miguu ameikunja, na kila mkono umeshika chuma.

Kapteni alivuta kamba, injini ikanguruma, wakaondoka. Mwanzoni alikwenda polepole, kisha akaongeza. Halafu, kwa makusudi kabisa, akaanza kukata kona, kulia, kushoto, maji yanaruka yanammwagikia mwenzake mgongoni. Mama Turubai alifumba macho. Hakupiga kelele hata mara moja. Tumbo lake ndilo lililomsaliti: alijikunja upande, akatapika, na chai yake yote ya asubuhi ikaishia kwenye viatu vya Kapteni.

"Mama wee! Viatu vyangu!"

"Endesha vizuri," alisema, akijifuta mdomo, "maana bado ninayo."

Katikati ya mto Kapteni akazima injini. Ukimya ukaja ghafla, na boti ikaanza kuchukuliwa na mkondo, pole pole, kuelekea chini. Akatoa karatasi kutoka mfukoni na kalamu. Ilikuwa fomu nyingine, yenye jina lilelile la Bwana Matofali.

"Tia sahihi. Yako ya kweli safari hii. Ukimaliza, nawasha."

Mama Turubai alifumbua macho akaona maji pande zote, ya rangi ya matope, mapana, na kingo mbili za mbali zinazoteleza. Akanyoosha mkono mmoja, akapokea karatasi. Akaikunja mara mbili. Akajiinua kidogo, akaiweka chini yake, akaikalia.

"Unafanya nini?"

"Nimeikalia. Ukiitaka, njoo uitoe."

"Hebu acha utoto!"

"Mimi nimetulia. Wewe ndiye mwenye haraka ya kuuza."

Kapteni alimtukana, akamtukania na ukoo. Alimwita mchawi, alimwita gogo. Alisema angejua asingemwoa hata kwa kusukumwa na gari. Mama Turubai alimsikiliza hadi mwisho, huku kucha zake zimezama kwenye jaketi.

"Umesahau redio," alimwambia. "Unataka kunitukana na hujarudisha redio yangu."

Ndipo wote wawili waliposikia honi. Tishari la mchanga lilikuwa linakuja kutoka juu, refu kama nyumba mbili, limeinama kwa mzigo, na juu yake mtu alikuwa anapunga fulana kwa hasira. Tishari la namna hiyo halipigi kona kwa ajili ya mtu.

Kapteni alirukia kamba ya injini, akavuta. Injini ikakohoa. Akavuta tena, ikakohoa tena, ikatema harufu ya petroli. Akavuta mpaka kofia ikamdondoka na jasho likamtiririka masikioni, na injini ilikuwa imenuna kama mtoto.

"Ndiyo hiyo mashine yako?" aliuliza Mama Turubai, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi kucheka, cheko baya, la kutoka tumboni. "Ile iliyoandikwa jina lako?"

"Chukua kasia!"

"Kasia liko wapi?"

Lilikuwepo moja. Kapteni alilichukua akaanza kupiga maji upande wa kulia, na boti ikageuka kama inatafuta mkia wake. Akapiga kushoto, ikageukia huko. Kelele za tishari zilikuwa zimekaribia, na mtu wa fulana alikuwa anawaita majina ambayo hayaandikiki. Mama Turubai akaachia chuma. Hakukumbuka baadaye aliachiaje. Aling'oa ubao wa kiti, ule wenye plastiki nyekundu juu yake, akapiga magoti upande wa pili akaanza kupiga maji kwa nguvu zake zote za kushona maturubai.

"Si hivyo! Nyuma! Vuta nyuma!"

"Vuta wewe kwanza!"

"Moja! Sasa! Moja!"

"Usinihesabie!"

Wakavuta. Boti ikanyooka, ikasogea kwa mishtuko, na tishari likapita nyuma yao, likawaachia mawimbi yaliyowarusha na kuwalowesha mpaka chupi. Mtu wa fulana aliendelea kuwatukana mpaka akawa mdogo. Walipogusa matope ya ukingoni walikuwa chini sana ya gati. Iliwabidi washuke, wafunge kamba, waivute boti kwa miguu kandokando ya mto, Mama Turubai mbele, Kapteni nyuma, hakuna aliyesema neno isipokuwa Kapteni alipokanyaga mwiba.

Mkaguzi alikuwa kijana mrefu mwenye kijiti cha meno mdomoni, ameketi chini ya paa la bati. Aliwatazama kutoka juu hadi chini.

"Nani mwenye chombo?"

"Mimi," alisema Mama Turubai.

"Mmekuja kwa kuogelea?"

Mkaguzi akachukua kadi, akazunguka boti, akainama kutafuta kibao cha namba. Hakikuonekana. Kapteni alipopaka rangi ya MALKIA alikipaka na kibao.

"Bila namba sijui hii ni boti gani," alisema mkaguzi, akarudisha kadi. "Rudini mkishaisafisha."

"Wewe kijana, hapa hatuondoki," alisema Mama Turubai. Akatoa mkasi wake mfukoni, akachuchumaa kwenye ubavu wa boti akaanza kukwangua. Alikwangua kwa hasira zote za feni na redio na saluni, vipande vyeupe vikaruka, herufi ya mwisho ya lile jina ikaondoka, na chini yake kikatokea kibao cha bati chenye namba. Mkaguzi akasoma, akalinganisha, akatikisa kichwa kuwa sawa.

Kisha ikaja zamu ya injini. Vibano vyake viwili vilikuwa vimeshika kutu. Kapteni alizungusha, akagonga kwa jiwe, akauma ulimi. Mkaguzi hakumsaidia, kazi yake ni kushuhudia. Mama Turubai naye alikaa kwenye jiwe, anakamua maji kwenye kanga yake. Hatimaye injini ikatoka ghafla, ikamwangukia Kapteni mapajani na kumwagia mafuta suruali nzima.

Mkaguzi akaweka karatasi mbili juu ya meza ya mbao. Kapteni alitakiwa kukiri kuwa hana dai lolote juu ya boti.

"Hiyo siandiki," alisema. "Nimeihudumia miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa naiendesha, huyu hajawahi hata kuipanda."

"Leo nimeipanda," alisema Mama Turubai.

"Usipoandika, injini inabaki hapa kwetu," alisema mkaguzi, akihamisha kijiti cha meno upande wa pili wa mdomo. "Chagua."

Kapteni aliandika. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Ikawa zamu ya Mama Turubai kukiri kuwa hana dai juu ya injini. Aliinama juu ya meza, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja, na katikati ya jina mkono ulisimama. Alikuwa amemwona Kapteni ukingoni, amelowa, hana kofia, kichwa chake kimeanza upara ambao yeye hakuwahi kuuona maana ulikuja baada yake. Aliikumbuka ile siku ya kwanza ya boti, jinsi alivyozunguka akimwita aje. Angekwenda siku ile, labda. Hakujua labda nini.

"Unasubiri nini?" alisema Kapteni. "Au umesahau na kuandika? Fundi wa kushona magunia wewe."

Akamaliza herufi zilizobaki.

Kapteni aliondoka akiwa amebeba injini begani, anayumba, anajipaka mafuta, na hakuna pikipiki hata moja iliyokubali kumpakia na mzigo ule. Mama Turubai alimwangalia mpaka alipopotea nyuma ya maghala. Kisha akaifunga boti kwenye gati, akalipia maegesho, akarudi kwa basi, kwa njia ya daraja, akiwa bado amevaa jaketi kwa sababu vifungo vilikuwa vimekataa kufunguka. Abiria mmoja alimuuliza kama basi nalo linazama. Alimwambia ajaribu kucheka tena aone.

Bwana Matofali alikuja dukani wiki iliyofuata, na heshima nyingi, akitaka kununua boti kwa njia ya haki safari hii. Mama Turubai alimsikiliza wakati anashona.

"Wewe ulikubali sahihi ya mtu ambaye hujamwona," alimwambia. "Kesho mtu mwingine atakuletea yangu tena. Nenda kauze matofali."

Boti aliiuza kwa kikundi cha wanawake waliokuwa wanavusha mboga. Walikwenda ofisini wote, wakapanda ngazi, wakajaa dirishani, na Mama Turubai hakuondoka mpaka alipoona kwa macho yake jina lake limefutwa na la kikundi limeingia. Karani wa miwani alimwambia kwa uchovu kwamba watu wengi huwa hawafuatilii. Alimjibu kwamba watu wengi hawajakaa kwenye mto na Kapteni.

Kapteni hakwenda kupanga foleni ya kuandikiwa injini yake; aliifunga kwenye boti ya mtu mwingine, kwa makubaliano ya mdomo. Miezi michache tu, mwenye boti akamwambia injini ni yake, amlete anayebisha. Dada mtu alipita dukani siku moja, akasimama mlangoni, akaanza kusema kwamba kaka yake ana shida, kwamba kama ile risiti ya zamani ya injini bado iko kwenye sanduku... Mama Turubai alikanyaga pedali, na cherehani ikameza maneno yaliyobaki. Risiti ilikuwepo. Hakuitoa.

Wakaja kukutana nyumbani kwa binti yao, alipojifungua. Binti alikuwa amewaita wote wawili siku moja bila kumwambia yeyote kuwa mwenzake anakuja, na wakajikuta sebuleni, kila mmoja upande wake wa meza, mtoto amelala katikati kwenye kitanda chake kidogo. Kapteni alikuwa amekonda. Walikunywa chai wakimtazama mtoto tu.

"Ile boti," alisema Kapteni mwishoni, bila kuinua macho. "Ulimuuzia nani?"

"Niliwauzia walionunua."

Binti alitoka jikoni, akawatazama, akarudi jikoni. Kapteni akamaliza chai yake, akavaa kofia, akamgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja, akaaga akiuangalia ukuta. Mama Turubai aliinuka akavikusanya vikombe vyote viwili, akavipeleka kuviosha, chake kwanza.